Tunda Halingoji: Jamaa za Dodoma na Divai Yao



Ukisimama asubuhi moja kandokando ya barabara ya Kasumbalesa, utahesabu makamio mangapi? Yanatoka Kolwezi, yanatoka Likasi, yanatoka hapa Lubumbashi, yamebeba shaba na kobalti, yanaelekea Zambia. Na yale yanayorudi yanabeba nini? Unga, sabuni, tomati, na chupa za kila ginsi. Kati ya chupa hizo kuko divai ya Afrika ya Kusini. Zabibu zake zilikomaa katika udongo wa Afrika, udongo sawa huu wetu. Lakini mutu aliyetuma ile divai hakuuzisha zabibu. Aliuzisha chupa. Sisi tunapeleka kitu kilichotoka katika udongo, yeye anapeleka kitu kilichotoka katika nyumba yake. Tofauti hiyo ndiyo somo letu la mwezi huu.

Najua mumoja wenu ameanza kusema: "Eh, Baba pasta, leo unatufundisha kunywa?" Hapana, ndugu yangu. Nimekaa katika nyumba nyingi zilizovunjika juu ya pombe, nimewafariji wake wengi na watoto wengi. Kila musomaji wa Biblia anajua kwamba Noa, aliyepanda shamba la mizabibu kisha garika, ndiye alilewa mupaka akalala uchi katika hema yake. Onyo hilo linatosha. Leo hatuangalii kikombe, tunaangalia kazi. Kazi ya mizabibu ni moja ya kazi za zamani sana ambazo baba, mama na watoto wanafanya pamoja, na iko na mafundisho kwa sisi watu wa migodi.

DODOMA IKO WAPI?

Shika barabara ileile ya makamio. Vuka Zambia, ingia Tanzania pale Tunduma, pita Mbeya na Iringa, kiisha geuka upande wa kaskazini. Utafika Dodoma, katikati ya inchi ya Tanzania, makao makuu ya serikali yao. Ni inchi kavu. Hapa Lubumbashi tunapata karibu milimeta 1.200 za mvua kwa mwaka. Dodoma wanapata kama nusu tu, milimeta 500 mupaka 600. Wenyeji wake ni Wagogo, watu wa ngombe na mutama. Mahindi yanawasumbua sana, maana mvua ikikatika mapema, shamba lote linakauka.

Lakini ukavu ule unaoua mahindi unapendeza muzabibu. Muzabibu hautaki majani yenye maji kila siku, sababu majani yenye kulowana yanaleta ugonjwa wa ukungu. Katika miaka ya 1950 wamisionari Wakatoliki walipanda mizabibu pale Bihawana, karibu na muji wa Dodoma, wapate divai ya ibada. Watu waliotumika katika mashamba ya misioni walijifunza kukata matawi, kuyafunga na kuyalinda. Kidogo kidogo miche ikatoka katika misioni, ikaingia vijijini. Leo utakuta mashamba ya zabibu Hombolo, Mpunguzi, Makutupora na mahali pengine pengi. Makutupora kuko hata kituo cha serikali cha kuchunguza kilimo cha zabibu, na aina moja ya zabibu nyekundu inaitwa kwa jina la kijiji kile.

Sikia tena jambo moja la kushangaza. Katika Ulaya muzabibu unalala wakati wa baridi kali, na mavuno ni mara moja kwa mwaka. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo. Mukulima akikata matawi kwa wakati wake, mutu anavuna mara mbili: katika mwezi wa pili na wa tatu, tena katika mwezi wa nane na wa tisa. Ungesema ni baraka tupu, si ndiyo? Ngoja kwanza.

ZABIBU ZINAOZA, MUNUNUZI ANANGOJA

Wakulima wengi wa Dodoma ni watu wa shamba dogo, eka moja ao mbili. Zabibu ikiiva, mukulima iko na siku chache tu. Akichelewa, ndege wanakula, nyuki wanakula, jua linakausha, na kinachobaki kinaoza. Kwa muda mrefu watu hawa walikuwa wanauzisha zabibu mbichi kwa viwanda. Zamani kulikuwa kiwanda cha serikali, DOWICO. Wakulima walikitegemea, lakini hakikudumu. Kisha vikaja viwanda vya watu binafsi. Hata hivyo, kuko miaka ambapo viwanda vilisema, "Tumejaa, hatununui tena." Mukulima anasimama na masanduku yake kandokando ya njia, zabibu zinatoa maji, na munuzi anataja bei anayotaka yeye. Utamukatalia na nini? Kesho zabibu haiko zabibu tena.

Unaona ginsi tunafanana? Kijana wetu anachimba siku tatu katika shimo, anabeba gunia mupaka kwenye depo, na pale munuzi anapima kwa mutambo wake mwenyewe na kusema, "Jiwe lako halina nguvu." Kijana anakubali, maana anataka kula leo. Lakini kijana wetu anamupita mukulima wa Dodoma kwa jambo moja: jiwe linaweza kungoja. Unaliweka chini ya kitanda mwaka mzima, linabaki jiwe. Tunda halingoji.

Sasa, jamaa zingine za Dodoma zilifanya nini? Hazikungoja bei ipande. Zilinunua matanki na vyombo vya kukamulia, zikaanza kukamua zabibu zao pale pale nyumbani ao katika vikundi. Kile wanachopata wanakiita muchuzi wa zabibu. Usifikiri muchuzi wa kula na bukari! Ni maji ya zabibu yaliyokamuliwa na kuachwa kuchacha. Muchuzi ukitunzwa vizuri katika tanki safi, unangoja miezi. Mukulima anauzisha kwa kiwanda kikubwa wakati kiwanda kinauhitaji, ao anautia mwenyewe katika chupa na kubandika jina lake. Vilevile kule Chinangali, katika wilaya ya Chamwino, wakulima wadogo waliungana katika ushirika na kupeleka maji shambani kwa mipira inayodondosha matone kwenye shina la kila muzabibu. Mutu mumoja peke yake angepata wapi feza za mipira ile?

Basi yule aliyenunua tanki alinunua nini? Alinunua wakati. Na mutu mwenye wakati anaweza kusema "hapana" kwa bei mubaya.

GINSI DIVAI INAFANYIKA

Vijana wanapenda kujua vitu vinatokea namna gani, basi nieleze. Katika zabibu kuko sukari mingi. Ukiiponda, chachu inaanza kula ile sukari. Kisha kula, inatoa vitu viwili: pombe, na hewa moja nzito inayopanda sawa povu. Divai nyekundu inachacha pamoja na maganda yake, maana rangi iko katika ganda. Siku kadhaa, ao juma moja mupaka mawili, maji yanachemka bila moto. Kisha watu wanakamua, wanatenga maganda, wanaacha divai itulie, takataka zishuke chini. Kilo moja ya zabibu inatoa zaidi ya nusu litre. Kila chombo kinapaswa kuwa safi kabisa, na hewa ya inje isiingie, la sivyo divai inageuka siki.

Ile hewa nzito ni ya kuogopa. Inashuka chini na kufukuza hewa ya kupumua. Katika inchi za divai, watu wamekufa kwa kuingia ndani ya tanki kusafisha. Wachimbaji wetu wanalijua jambo hili: mushumaa ukizimika ndani ya shimo, toka mbio! Sheria ni ileile.

Nami nitakuambia aibu yangu. Mwaka mumoja, wakati wa maembe, mimi na mama ya watoto tuliona matunda yanaoza chini ya miti, watu wanayakanyaga. Tukasema tufanye maji ya maembe, tuyauzishe. Tulikamua, tukatia sukari, tukajaza chupa za bia tulizoosha kwa maji baridi, tukafunga kwa nguvu. Nilijivuna sana. Siku ya tatu, usiku, tukasikia mulio katika chumba cha nyuma sawa bunduki. Kiisha mulio wa pili. Chupa zilipasuka, vipande vya kioo viliingia hata katika mulango. Mutoto wetu mudogo alizoea kulala katika chumba kile. Usiku ule alikuwa kwa nyanya yake. Mama aliniangalia, akasema: "Baba, ulifunga mbio sana. Ile maji ilikuwa ingali inachemka, na weye ulikuwa unahesabu franka."

Alisema kweli. Tungepasha maji yale moto na kuyafunga katika chupa zilizochemshwa, chachu ingekufa. Ao tungeacha njia ya hewa kutoka mupaka kazi yake iishe. Hatukufanya hili wala lile. Tulikuwa na haraka ya munuzi kuliko maarifa ya mutengenezaji.

SHABA YETU KATIKA MASHAMBA YA WENGINE

Kule Dodoma, jamaa nyingi zinatia samadi ya ngombe kwenye shina la muzabibu pahali pa mbolea ya kiwandani. Iko karibu, haina bei kubwa, na inasaidia udongo mukavu kushika maji. Siku hizi watu wa Ulaya wanatafuta sana divai ya kilimo cha namna hii, kilimo kisicho na dawa za kiwandani. Sisi tunasema tu: kulima sawa wazee.

Lakini hata mukulima wa namna hiyo anahitaji dawa ya ukungu, na dawa hiyo inatoka katika mali yetu. Zamani huko Ufaransa, upande wa Bordeaux, wenye mashamba walichoka na wapitaji wanaokula zabibu za kandokando ya njia. Wakanyunyiza majani kwa chokaa na chumvi ya shaba, ile ya rangi ya samawi, watu waogope. Mwalimu mumoja wa chuo kikuu, Millardet, akaona kwamba mizabibu ile iliyonyunyiziwa haikupata ugonjwa uliokuwa unaua mingine. Katika mwaka wa 1885 aliitangaza dawa hiyo, na mupaka leo inatumiwa dunia nzima. Labda shaba iliyoyeyushwa hapa Lubumbashi tangu mwaka wa 1911 ililinda zabibu ambazo babu zetu hawakuonja hata siku moja.

Hata hivyo, shaba haiondoki katika udongo. Inakusanyika mwaka kwa mwaka, na ikipita kipimo, minyoo ya udongo inakufa na mimea inadhoofika. Ndiyo sababu tangu mwaka wa 2019 inchi za Umoja wa Ulaya zimeweka mupaka: kilo 28 za shaba kwa hekta moja katika miaka saba, isipite. Wao wanahesabu kilo. Na sisi? Moshi wa kuyeyusha shaba ulishuka miaka mingi juu ya udongo wa upande wa Penga Penga, mupaka majani mengi yakakataa kuota. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Ubelgiji walitumika pale kujaribu nyasi na miti inayoweza kuvumilia.

Basi mama unayelima lengalenga, usilime juu ya udongo uliotoka mugodini. Usimwagilie kwa maji yanayotoka katika viwanda. Kama huna mahali pengine, inua kitalu kwa udongo safi ulioleta, tia mbolea ya takataka za jikoni na samadi, tia chokaa. Hivi vinapunguza nguvu ya shaba. Na osha majani vizuri, maana vumbi linabeba mengi. Jamaa inayotaka kuuzisha chakula chenye jina lake inaanza na udongo. Ukiharibu udongo, hakuna chupa ya kupendeza itakayoficha jambo hilo.

NYUMBA INAYOSHIKA BARIDI

Mutasema: "Lakini Pasta, hiyo inataka mitambo na umeme, na huku kwetu umeme unakatika." Tuangalie watu wengine wanafanya namna gani.

Katika inchi ya Georgia, kule mashariki ya Bahari Nyeusi, jamaa zinafinyanga mitungi mikubwa sana ya udongo na kuizika ardhini mupaka shingoni. Divai inachachia humo na kukaa humo, na ardhi yenyewe inaishikia baridi. Ni ufundi wa mababu, na katika mwaka wa 2013 UNESCO iliuandika kati ya urizi wa watu wote.

Katika Italia kuko jamaa ya Antinori. Muzee wao mumoja aliingia katika chama cha wafanya-divai wa muji wa Firenze katika mwaka wa 1385. Kutoka wakati ule kazi imepita toka mukono wa baba mupaka kwa mutoto, na siku hizi mabinti watatu wa jamaa hiyo wameingia katika uongozi wa kazi. Katika mwaka wa 2012 walifungua nyumba mupya ya divai. Wajenzi wa kisasa waliichimba ndani ya kilima, na juu ya paa lake walipanda mizabibu. Ukiwa mbali unaona tu mistari miwili katika mulima. Zabibu zinaingia juu, divai inashuka yenyewe kwa uzito wake. Udongo unaleta baridi. Jamaa tajiri namna ile, yenye feza za kununua mitambo yote, ilirudi kutafuta msaada wa kilima!

Na sisi tuko na nini? Tuko na vichuguu virefu kupita nyumba, na matofali ya udongo wa kichuguu tunayajua tangu zamani. Ukuta munene wa matofali, chumba kilichochimbwa nusu chini, madirisha madogo ya juu, mulango unaoangalia kusini, paa lenye dari: hii inashika baridi hata umeme ukikatika juma nzima. Si lazima iwe ya divai. Asali, maji ya matunda, mbegu, viazi, vyote vinapenda chumba kama hicho.

NA SISI?

Sisemi mukimbie kupanda mizabibu. Mvua yetu ni mingi, na ukungu utawatesa. Ninauliza: zabibu yako ni nini?

Kwa wengi ni munkoyo. Mama anapika uji wa mahindi, anaacha upoe kidogo, anatia mizizi iliyopondwa, na uji munene unageuka maji matamu. Ni maarifa ya kweli: ule muzizi unakata wanga na kufanya sukari. Lakini munkoyo nao haungoji. Leo ni tamu kwa watoto, kisha siku mbili tatu umekuwa mukali na uko na pombe. Mama anayeuzisha munkoyo safi, katika chombo kilichochemshwa, chenye tarehe iliyoandikwa, ataaminiwa na wanunuzi. Na yule anayechimba mizizi porini bila kuacha hata kidogo, mwaka kesho atatembea mbali zaidi, sawa watu wa makala wanavyofanya sasa. Kwa wengine ni asali ya pori, ni maembe, ni tomati.

Mukumbuke miaka ya 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines walitoka kwa ile kuondoka kwa hiari. Wengi walipokea feza mara moja, feza ambazo hawakuwahi kushika maishani. Wengine walinunua gari la taksi, wengine duka. Katika nyumba nyingi nilizotembelea, feza ziliisha mbele ya mwaka kuisha. Hawakuwa wavivu. Walitumika katika mugodi maisha yote. Lakini mugodi ulikuwa umewafundisha kungoja mushahara; haukuwafundisha kutunza kitu kinachokua polepole. Muzabibu unataka miaka miwili ao mitatu mbele ya kutoa mavuno mazuri. Nani katika nyumba yako anajua kungoja miaka mitatu?

Wazazi, musiwaachie watoto shimo tu. Shimo litaisha, kila mugodi unaisha. Muwaachie kazi wanayoweza kufanya kwa mikono yao, katika udongo ulio safi, na daftari linaloonyesha kilichoingia na kilichotoka. Kwetu, kisha zile chupa kupasuka, mama alichukua daftari na mimi nikachukua kazi ya kuosha chupa. Tangu siku ile hakuna hata moja iliyopasuka.

MAULIZO YA KUONGEA KATIKA JAMAA

1. Ni kitu gani kinaoza kila mwaka katika shamba ao katika mutaa wetu, na tunaweza kukifanya kingoje namna gani?

2. Udongo tunaolima ulitoka wapi? Kuko mugodi ao kiwanda karibu? Maji ya kumwagilia yanatoka wapi?

3. Nani katika nyumba yetu anashika daftari? Baba anakubali kuulizwa?

4. Kama tungepata feza nyingi kesho asubuhi, tungenunua nini kwanza: kitu cha kuonyesha majirani, ao tanki?

Muongee bila kugombana, na watoto nao waseme. Mungu abariki kazi ya mikono yenu. Tuonane mwezi kesho.